Chungulia kwanza ndipo ununue: vichungulio vya kamera vikilinganishwa

Wapenda kamera wakikutana kubishana, utasikia megapikseli, utasikia lenzi, utasikia video ya 4K. Ni nadra kumsikia mmoja akimuuliza mwenzake, "Ukiweka jicho, unaona nini?" Na hicho ndicho kitu ambacho mpiga picha anakitazama kila anapobonyeza kitufe. Lenzi utabadilisha. Kadi ikijaa utaongeza nyingine. Betri ikichoka utanunua mpya. Lakini kile kitundu cha kuchungulia kilicho juu ya skrini, ambacho humu nitakiita kichungulio, utakachokikuta siku ya kununua ndicho utakachokaa nacho mpaka siku utakapoiuza kamera.

Kamera yangu ya kwanza ya kubadilisha lenzi ilikuwa na kichungulio ambacho kukitumia ni kama kutazama televisheni ya jirani kupitia tundu la ufunguo. Picha ndogo, ya kizakiza, iko mbali huko. Siku moja nilipiga picha ya ukoo mzima, watu ishirini na kitu, nikazikagua pembe zote nne kabla ya kubonyeza. Nilipoifungua kwenye kompyuta nikakuta ndoo nyekundu imejibanza upande wa kushoto, nusu ndani nusu nje. Ningeweza kuapa kwamba haikuwepo. Kumbe ilikuwepo, ila kichungulio hakikunionyesha. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba kasoro hiyo ilikuwa imeandikwa waziwazi kwenye kijitabu cha kamera, kwa tarakimu ambayo sikuijua maana yake: 95%.

Basi huu ni ulinganisho kwa mtu aliye njiani kuchagua, na sitaficha ninakoegemea. Nikiwekewa kamera mbili zinazotoa picha za ubora uleule, nachukua yenye kichungulio kikubwa na kisafi, hata kama ndiyo nzito kati ya hizo mbili.

Kioo au skrini ndogo?

Kwenye kamera za DSLR, zile zenye kioo ndani, mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo kilichoinama nyuzi 45, unapanda juu hadi kwenye kipande cha kioo chenye ukungu, kisha unageuzwageuzwa na prizimu mpaka unalifikia jicho lako. Unachokiona ni mwanga wenyewe. Hakuna umeme unaohitajika, hakuna kuchelewa hata kidogo. Kamera ikiwa imezimwa kabisa bado unaweza kuchungulia na kupanga picha.

Hapo kwenye prizimu ndipo watengenezaji wanapobania pesa. Kamera za daraja la juu hutumia pentaprizimu, bonge zima la kioo safi lililochongwa. Kamera za bei ya chini hutumia vioo vichache vilivyopangwa ndani ya kisanduku kitupu. Kisanduku ni chepesi na ni rahisi kutengeneza, lakini kila mwanga unapogonga kioo unapotea kidogo, hivyo picha inafika jichoni ikiwa imefifia. Nikon D3500 na Canon EOS 250D zina visanduku vya namna hiyo. Canon EOS 90D, Nikon D500 na Nikon D850 zina prizimu kamili. Ukiishika D500 mara tu baada ya D3500, huhitaji mtu wa kukueleza tofauti. Na ukumbuke kwamba lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ile ambayo ukivuta mpaka mwisho inabaki na f/5.6, yaani inapitisha mwanga kidogo, inazidi kulitia giza tundu ambalo tayari lilikuwa na giza.

Kamera zisizo na kioo zina mpango mwingine. Kihisi, kile kipande kinachonasa picha, kinapokea mwanga muda wote, kompyuta ya ndani inautafsiri, kisha picha inaonyeshwa kwenye skrini ndogo kama ukucha iliyofichwa nyuma ya kichungulio. Kwa maneno mengine, unatazama video ya moja kwa moja ya kile kilicho mbele yako. Panasonic Lumix G1 ya mwaka 2008, kamera ya kwanza ya mfumo wa Micro Four Thirds (wa vihisi vidogo), ilikuja na skrini ya nukta milioni 1.44. Watu wa DSLR walicheka, na kwa wakati ule walikuwa na haki ya kucheka: ukiigeuza kamera haraka, rangi zilitawanyika kama upinde wa mvua, na gizani ulibaki unatazama chenga kama za mchele. Mwaka 2011 Sony ikaleta skrini ya OLED ya nukta milioni 2.36 ndani ya NEX-7, na kicheko kikaanza kupungua. Leo kamera mpya karibu zote zimekwenda upande huo.

Kuna aina ya tatu, dirisha la pembeni ambalo halipiti kwenye lenzi kabisa. Leica nyingi za mfululizo wa M zinalo, na Fujifilm X100 iliyoingia sokoni mwaka 2011 ilileta mseto: kwa kusukuma kijiti kimoja unabadilisha kutoka dirisha la kioo kwenda skrini ya kielektroniki. Dirisha hili lina raha yake. Unaona hadi nje ya fremu, kwa hiyo unamwona mtu anayekaribia kuingia kwenye picha kabla hajaingia. Ubaya ni kwamba dirisha na lenzi haviko mahali pamoja. Kitu kikiwa karibu sana, unachokiona na kinachopigwa vinapishana.

Na kuna kamera zisizo na kichungulio chochote, kama Nikon Z30 na Sony ZV-E10. Hizi zimelengwa kwa wapiga video, na kwa video sina ugomvi nazo. Kwa picha za juani ndipo utakapojikuta umeweka kiganja juu ya skrini kama mtu anayekinga mshumaa na upepo.

Ukubwa: tarakimu inayodanganya

Kati ya vipimo vyote, huu ndio wa kwanza kwangu, na ndio unaosomwa vibaya kuliko vyote. Karatasi ya kamera itakwambia kichungulio kinakuza mara 0.85, au 0.78, au 1.02. Kipimo hicho huchukuliwa lenzi ya milimita 50 ikiwa imefungwa na kuelekezwa mbali kabisa. Mara 1.0 maana yake ni kwamba kitu unachokitazama kinaonekana kwa ukubwa uleule unaouona kwa jicho tupu.

Tatizo ni kwamba lenzi ya milimita 50 haifanyi kazi ileile kwenye kila kihisi. Kihisi kikiwa kidogo, inakata kipande chembamba zaidi cha mandhari, na tarakimu ya ukuzaji inavimba bila kichungulio kuwa kikubwa. Ndiyo maana D3500 inajitangaza kwa 0.85 na D850 kwa 0.75, mnunuzi mgeni akadhani ile ndogo ndiyo yenye kichungulio kikubwa. Mambo ni kinyume kabisa.

Dawa yake ni kugawanya. Kwa vihisi vya APS-C, yaani vya ukubwa wa kati, vya Nikon, Sony na Fujifilm, gawanya kwa 1.5. Kwa vya Canon, gawanya kwa 1.6. Kwa Micro Four Thirds, gawanya kwa 2. Kihisi kikubwa cha fremu nzima hakigawanywi. Tufanye hesabu hiyo: D3500 yenye 0.85 inabaki na takriban 0.57. Canon 90D yenye 0.95 inabaki na 0.59. Nikon D500 yenye 1.0 inabaki na 0.67. Nikon Z50, isiyo na kioo, inatangaza 1.02 na inabaki na 0.68. D850 inabaki palepale kwenye 0.75. Fujifilm huwa wanaandika tarakimu iliyokwisha kugawanywa: X-T5 ni 0.80.

Sasa angalia D3500 na X-T5. Zote zina kihisi cha ukubwa wa APS-C. Lakini 0.80 dhidi ya 0.57 maana yake picha unayoiona kwenye X-T5 ina eneo karibu mara mbili ya ile ya D3500, kwa sababu ukubwa unaongezeka kwa upana na kwa kimo pia. Ni kama kutoka kwenye kadi ya mwaliko kwenda kwenye bahasha yake ikiwa imekunjuliwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kampuni moja. Sony A7 III ya mwaka 2018 na Sony A7C ya mwaka 2020 zote ni za fremu nzima, zote ni za megapikseli 24, na ukiweka picha zake mbili mezani utapata shida kusema ipi imetoka wapi. Skrini ya kichungulio ina nukta milioni 2.36 kwenye zote mbili. Lakini A7 III inakuza mara 0.78, na A7C mara 0.59. Ili kamera iwe ndogo na bapa juu, kichungulio kilibanwa pembeni na kufinywa. Eneo unaloliona kwenye A7 III ni kubwa kuliko la A7C kwa karibu robo tatu nzima. Mtu anayesafiri na begi dogo huenda akaikubali biashara hiyo kwa moyo mweupe, na simlaumu. Ila aikubali akijua anachokiacha, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa nini ukubwa una uzito hivyo? Kwa sababu picha kubwa unaisoma, ndogo unaikisia. Kwenye kichungulio kikubwa unaona kwamba bwana wa katikati amefumba macho, unaona tawi linaloota kichwani mwa bibi arusi, unaona kwamba fokasi imekaa kwenye sikio na si kwenye jicho. Kwenye kidogo unaona "watu, sawa, piga."

Ile ndoo nyekundu

Turudi kwenye 95%. Tarakimu hii ni sehemu ya picha ambayo kichungulio kinakuonyesha, na inapimwa kwa upana na kwa kimo. Kwa hiyo asilimia 95 mara asilimia 95 ni asilimia 90 na ushei ya eneo. Karibu sehemu moja katika kumi ya picha yako inapigwa bila wewe kuiona. D3500 na 250D ziko hapo. 90D, D500 na D850 zinaonyesha asilimia 100.

Vichungulio vya kielektroniki vinalimaliza suala hili kwa sababu vinaonyesha kile kinachosomwa na kihisi chenyewe. Hata kamera ya bei ya chini ya aina hii huonyesha picha nzima. Kwa mtu anayeanza, nadhani hii peke yake inatosha kumtoa kwenye DSLR ndogo. DSLR kubwa ni habari nyingine.

Kwa wenye miwani, soma hapa polepole

Kuna kipimo kingine kinachoandikwa kwa milimita: umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya lenzi ya kichungulio na bado likaona pembe zote nne. Asiyevaa miwani anabandika jicho na mambo yamekwisha. Mwenye miwani analazimika kukaa nyuma, na umbali huo ukiwa mfupi, pembe zinakatika. Anaanza kusogeza kichwa kushoto na kulia kama anayechungulia kwenye pazia.

Sony A7 III ina milimita 23, Nikon Z6 ina 21, Sony A7S III ina 25. Nikon D850, pamoja na sifa zote nilizoimwagia, ina 17. Kwenye vichungulio vya kioo ukubwa na umbali hugombana: ukitaka picha kubwa, jicho lisogee karibu. Kwa hiyo mwenye miwani anaweza kuikuta D850 ikimsumbua, huku rafiki yake asiye na miwani akiisifia mpaka koo linakauka. Mimi huanza kuwa na wasiwasi umbali ukishuka chini ya milimita 20, ingawa unene wa fremu na umbo la pua ya mtu navyo vina neno la kusema.

Kando ya kichungulio kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha nguvu ya lenzi kulingana na jicho lako. Ni ajabu ni watu wangapi wanamiliki kamera miaka mitatu bila kukigusa, wakilalamika kwamba kichungulio "kina ukungu." Namna ya kukiweka sawa: usitazame mandhari, tazama tarakimu za ndani, zile za kasi ya shata na f, uzungushe mpaka zikate kama wembe. Mwenye tatizo dogo la macho anaweza hata kuvua miwani na kupiga bila hiyo.

Na kwa waliovuka miaka arobaini kuna jambo ambalo watangazaji wa kamera hawalitaji. Skrini ya nyuma iko sentimita thelathini au arobaini kutoka usoni, pale pale ambapo macho ya umri huo huanza kukataa kusoma bila miwani. Kichungulio, kikiwa kimerekebishwa, kinakupa picha kali bila kutafuta miwani mfukoni. Nimewaona watu wanaodhani wameshindwa kupiga picha, kumbe wameshindwa kuiona skrini.

Nukta milioni ngapi zinatosha

Upande wa kielektroniki, tangazo hupenda kuanza na idadi ya nukta. Ijue maana yake kwanza. Kila pikseli ya rangi huhesabiwa kama nukta tatu: nyekundu, kijani, bluu. Milioni 2.36 ni skrini ya pikseli 1024 kwa 768. Milioni 3.69 ni 1280 kwa 960. Milioni 5.76 ni 1600 kwa 1200. Milioni 9.44, tuliyoiona kwanza kwenye Sony A7S III mwaka 2020, ni 2048 kwa 1536. Kwa hiyo kutoka 2.36 kwenda 9.44, jina linaonyesha ongezeko la mara nne, lakini kwa upana pikseli zimeongezeka mara mbili tu.

Milioni 2.36 kwenye kichungulio kidogo, kama cha Canon EOS R50 au R10, inakaa vizuri kwa sababu nukta zimebanana. Milioni hizohizo kwenye kichungulio kikubwa zinaanza kuonekana moja moja, hasa kwenye nywele na maandishi. Hapo ndipo Nikon Z6 ilipoipita A7 III mwaka uleule wa 2018: ukuzaji unakaribiana, 0.80 kwa 0.78, lakini Z6 ina milioni 3.69. Ukiziweka jichoni kwa zamu, Z6 inaonekana kama dirisha na A7 III kama skrini. Kwa kihisi, kwa fokasi, kwa betri, A7 III ilikuwa na hoja zake nzito. Kwenye kichungulio haikuwa nazo.

Kutoka 3.69 kwenda juu, faida inaanza kupungua. Canon EOS R6 ina 3.69 na R5 ina 5.76, ukuzaji ni uleule wa 0.76. Ndiyo, ya R5 ni laini zaidi, na mtu anayefokasi kwa mkono ataithamini. Lakini singeongeza pesa kwa ajili ya hilo peke yake. Tena Nikon Z9, kamera ya waandishi wa habari na wapiga picha za michezo, ilitoka mwaka 2021 ikiwa na milioni 3.69 tu, wakati Sony A1 ya mwaka huohuo ilikuwa na 9.44. Kwenye karatasi Z9 ilionekana kuachwa mbali. Kwenye jicho, mwangaza wake mkali na picha isiyokatika wakati wa kupiga mfululizo viliwafanya wengi wasahau hesabu ya nukta.

Jambo moja la kuangalia: baadhi ya kamera hushusha ubora wa picha ya kichungulio ukiongeza kasi yake, au unapoanza kufokasi. Tarakimu ya kwenye boksi ni ya hali nzuri kabisa.

Kasi, giza na jua

Picha ya kichungulio cha kielektroniki hubadilishwa mara 60 au mara 120 kwa sekunde, na kamera chache kama A1 hufika 240. Kwa mandhari na watu waliosimama, 60 inatosha. Ukimfuata ndege anayeruka au mtoto anayekimbia, 120 ndiyo inayofanya mkono na jicho visipishane.

Kupiga mfululizo kulikuwa donda la aina hii. Kila picha ilipopigwa kichungulio kiligiza, au kilionyesha picha iliyokwisha kupigwa badala ya kinachoendelea, na ukampoteza mchezaji. Sony A9 ya mwaka 2017 ndiyo iliyolitibu donda hilo kwenye fremu nzima, ikipiga picha 20 kwa sekunde bila giza hata chembe. Kamera za bei ya kati bado zina mabaki ya ugonjwa huo. DSLR nayo hugiza, maana kioo lazima kinyanyuke ili kihisi kipate mwanga. Ile sekunde ndogo ambayo picha inapigwa ndiyo pekee usiyoiona. Wapiga picha wa zamani wana msemo wao: ukiiona kwenye kioo, umeikosa.

Gizani kila upande una shida yake. Cha kioo kinakuonyesha giza kama lilivyo, na kama jicho lako halioni, basi huoni. Cha kielektroniki kinaongeza mwanga mpaka unaona kisichoonekana, kwa gharama ya chenga na picha inayovutika. Kwa nyota sina mjadala: kuikuza nyota moja mara kumi kichungulioni na kuifokasi kwa mkono ni kazi ambayo kioo hakiwezi. Ila skrini inayowaka inalipofusha jicho hilo kwa muda, ukiinua kichwa hulioni hata jiwe lililo mbele ya miguu.

Faida kubwa ya kielektroniki ni kwamba unaona picha itakavyokuwa kabla hujaipiga. Ukiongeza mwanga, kichungulio kinaongezeka mwanga. Ukichagua nyeusi na nyeupe, unaona nyeusi na nyeupe. Sehemu zinazokaribia kuungua kwa mwanga mwingi huchorwa mistari, zilizo ndani ya fokasi hupakwa rangi. Hata kina cha fokasi ni cha kweli zaidi: vile vioo vya ukungu kwenye DSLR za kisasa haviwezi kuonyesha ukungu wa lenzi iliyofunguka sana ya f/1.4, unachokiona ni kama f/2.8, kisha picha inakuja na pua kali na masikio yaliyoyeyuka.

Studio ndiyo inayowachanganya wageni. Umeweka f/8 na kasi ya 1/200 kwa ajili ya flashi, unachungulia, ni giza totoro. Kamera haijaharibika; inakuonyesha kwa uaminifu picha itakavyokuwa bila flashi. Zima ule mpangilio wa kuonyesha mwangaza halisi, taa zitarudi.

Juani, vichungulio vyote viwili vinaishinda skrini ya nyuma. Lakini kuna hatari mbili za kujua. Kwenye DSLR, kuelekeza lenzi ndefu kwenye jua huku jicho likiwa kichungulioni ni kulichoma jicho. Kwenye kielektroniki jicho liko salama upande huo, ila kichungulio chenyewe hakiko salama upande wa nyuma: ukiiacha kamera mezani huku tundu la kuchungulia likitazama jua, lenzi yake hukusanya miale na kuchoma skrini ya ndani. Alama hizo hazifutiki.

Kuhusu betri nitapita haraka. D3500 imepimwa kwa picha 1,550 na D850 kwa 1,840. A7 III, ambayo ni miongoni mwa zinazodumu upande wake, ni 610 ukitumia kichungulio na 710 ukitumia skrini. Beba betri ya pili.

Basi nani achukue kipi?

Anayeanza, anayetaka kujifunza mwanga unavyofanya kazi, achukue cha kielektroniki, hata cha milioni 2.36, kwa sababu kosa analiona kabla ya kulifanya. DSLR ndogo za vioo vya kisanduku nisingempa mtu leo ila kama bei ni ya kutupa au tayari ana lenzi zake.

Anayepiga michezo au wanyama ana njia mbili nzuri na moja mbaya. Nzuri: DSLR ya prizimu kamili kama D500, au kamera isiyo na kioo yenye kihisi cha kasi kama Z9 na A1. Mbaya ni kamera isiyo na kioo ya bei ya chini yenye 60 kwa sekunde na kugizagiza, itakufundisha matusi.

Mpiga picha za mitaani ajaribu dirisha la X100 au Leica kabla ya kukataa. Kuona nje ya fremu kunabadilisha namna unavyosubiri. Mwenye miwani aanze na milimita, halafu ukubwa, halafu mengine. Na anayetumia jicho la kushoto asikubali kichungulio cha pembeni bila kujaribu, maana pua itakuwa inabonyeza skrini na fokasi itahamia anakotaka yeye, yaani pua.

Ukiishika mkononi

Rekebisha kigurudumu kwanza, kama una miwani ivae. Tazama pembe zote nne bila kusogeza kichwa. Lenga ukingo wa dirisha lenye mwanga, uone kama ndani na nje vyote vinasomeka. Geuza kamera haraka kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, uangalie kama mistari ya wima inapinda au kuvunjika. Lenga chini ya meza, penye giza kuliko pote. Ondoa jicho, rudisha, uhesabu inachelewa kiasi gani kuwaka. Kaa nayo jichoni dakika tano nzima; maumivu ya kichwa hayaandikwi kwenye karatasi ya vipimo.

Ikiwa imetumika, kwenye DSLR vumbi ndani ya kichungulio haliingii kwenye picha, unaweza kulitumia kupunguza bei. Utando wa ukungu wa kuvu ni jambo jingine, uache. Kwenye ya kielektroniki, ielekeze kwenye karatasi nyeupe na utafute madoa ya njano au meusi yasiyosogea unaposogeza kamera. Hayo ni yale ya jua niliyosema. Angalia pia kama ile mpira ya kuzunguka jicho bado ipo, na kama haipo uliza inapatikana wapi kabla hujatoa pesa.